Mwalimu, na sisi si tuna ribosomu?

Najua nimepotea humu, na nasikia wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Ni testi mfululizo, na bumu nalo lilivyochelewa ndo kabisa hata hamu ya kuandika ikaisha. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Jana usiku mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa anapiga chafya na kukohoa mpaka kitanda kinayumba. Akashuka, akafungua begi, akatoa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwenye dozi aliyopewa muhula uliopita. Doksi. Alipewa vya siku saba, viwili kwa siku. Siku ya tano akajiona mzima, akaviweka akiba vinne vilivyobaki. Basi jana akameza viwili, halafu kwa roho yake nzuri akaninyooshea vingine viwili: "Shika shosti, na wewe koo limeanza kukukwaruza, usije ukaniangusha kwenye presentesheni ya Alhamisi."

Na mimi, mwanafunzi wa ualimu wa Baiolojia na Kemia, mwaka wa tatu, nikanyoosha mkono nikavipokea.

Sijavimeza. Viko hapa mezani pembeni ya laptop, vinaniangalia. Lakini nilivipokea, tena nikasema asante, na hilo ndo linaloniudhi, kwa sababu mimi mwenyewe nilishafundisha somo hili mbele ya darasa zima. Na kwa maoni yangu tatizo lilianzia hapo hapo kwenye namna tunavyolifundisha. Ngoja nieleze.

Kwenye TP ya 2024 nilipangiwa Kidato cha Tano, mchepuo wa CBG, mada ikiwa utengenezaji wa protini ndani ya seli. Nilijiandaa kweli kweli. Nikachora manila mbili za rangi: DNA, RNA mjumbe, RNA msafirishaji, asidi za amino zimepangwa kama shanga, na ribosomu katikati kama andazi lililokatwa. Nikafundisha, wakanakili, kila kitu safi. Mwishoni, ili nionekane najua mambo, nikatupia kwamba hata dawa kama tetrasaiklini zinafanya kazi kwa kuzuia ribosomu zisitengeneze protini.

Binti mmoja wa dirishani akanyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi si tuna ribosomu? Mbona tukimeza hatufi?"

Darasa likacheka. Mimi nikasema lile jibu letu sote tunalijua: "Swali zuri sana, kesho tutalijadili kwa kina." Walimu wenzangu mliopo humu msijifanye hamlijui.

Kinachoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Kozi ile nilipata B+. Niliandika kwenye mtihani kwamba ribosomu za bakteria ni 70S na zetu ni 80S, nikaweka na michoro, nikapata maksi zote za swali lile. Lakini sikuwahi hata siku moja kuunganisha ile 70S na kidonge. Kichwani mwangu 70S ilikuwa kitu cha kujibia mtihani, na tetra kitu cha duka la dawa. Nilikesha na bando la usiku nikisoma upya kitu nilichokwisha kukifaulu.

Basi kesho yake niliwaambia hivi, na niwaambie na nyie. Chukulia ribosomu ni fundi cherehani. RNA mjumbe ni karatasi ya vipimo. RNA msafirishaji ni vijana wanaoleta vitambaa, kila kijana na kipande chake, na fundi anaunga kimoja kimoja kufuata karatasi. Nguo inayotoka ndo protini. Bila protini seli haijengi wala haizaliani. Sasa bakteria na sisi wote tuna mafundi, ila cherehani ni za aina mbili tofauti. Yao ndogo, vipande vyake ni 30S na 50S. Yetu kubwa, 40S na 60S. (Usijumlishe. 30 na 50 ni 70 kwenye hesabu hii, maana ile S inapima kasi ya kitu kuzama kikizungushwa kwenye mashine, haipimi uzito. Mimi mwenyewe ilinichukua muhula mzima kuikubali.)

Dawa hizi zinaingia kwenye tofauti hiyo ya cherehani. Tetrasaiklini na mdogo wake doksi zinakaa kwenye kipande kidogo, pale pale ambapo kijana wa kitambaa anatakiwa kutua. Anakuja, anakuta pamekaliwa, anarudi. Kloramfenikoli inakaa kwenye kipande kikubwa na kuzuia ule mshono wenyewe, vitambaa vipo ila haviungani. Erithromaisini na azithromaisini zinaziba tundu la kutokea nguo: fundi anashona kidogo, nguo inakwama njiani. Streptomaisini ndo ina ukorofi wa peke yake. Haimsimamishi fundi, inamfanya asome vipimo vibaya. Anatoa mashati ya mikono mitatu mpaka seli inakufa kwa takataka zake yenyewe.

Haya hayakujulikana kwa kukisia. Ada Yonath wa Israeli alianza kuhangaika kugandisha ribosomu ziwe fuwele ili azipige picha tangu karibu 1980, wakati wengi waliona haiwezekani. Picha za kina zilipatikana mwaka 2000, na 2009 yeye, Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz wakapewa Nobeli ya Kemia. Ndipo watu wakaona kwa macho dawa imekaa wapi hasa ndani ya ribosomu.

Darasa lilielewa. Yule binti alielewa kuliko wote, kwa sababu aliuliza tena: "Kwa hiyo mwalimu ndani yetu hakuna kabisa cherehani ya aina ile?"

Ipo. Na hapa ndo nilipokuwa nimekwamia ule usiku, saa nane, nikasahau hata kama kesho nina kipindi.

Mitokondria zilizomo ndani ya seli zetu asili yake ni bakteria, walioingia kwenye seli za kale wakabaki humo. Mpaka leo zina ribosomu zao wenyewe, zinazofanana na za bakteria kuliko na zetu. Kwa hiyo dawa inayomlenga bakteria inaweza kugusa na huko. Kloramfenikoli, kwa watu wachache sana, huharibu uboho wa mifupa mpaka damu haitengenezwi tena. Na streptomaisini na ndugu zake kama jentamaisini zinaweza kuua vile vinywele vidogo vya sikio la ndani vinavyotusaidia kusikia. Vikifa havioti tena. Kuna watu wana badiliko dogo kwenye RNA ya ribosomu za mitokondria, herufi moja tu, nafasi ya 1555, linaloifanya ifanane zaidi na ya bakteria. Hao wanaweza kupoteza usikivu hata kwa dozi ambayo wengine wasingeihisi.

Babu yangu mzaa mama aliugua kifua kikuu 1986. Alichomwa sindano kila siku, miezi miwili. Kifua kilipona kabisa. Lakini kabla hata sindano hazijaisha alianza kusema anasikia kengele masikioni, kisha kengele zikazima, na dunia ikazima nazo. Nimemjua Babu maisha yangu yote kama mtu wa kuandikiwa kwenye kiganja kwa kidole.

Kule nyumbani haikusemwa ni sindano. Ilisemwa ni jirani. Babu na jirani walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, mti wa mwembe uliokuwa katikati, na jirani aliwahi kutamka mbele za watu kwamba "huyu atakuja kunisikia siku moja." Sentensi hiyo moja ilitosha. Tangu hapo mpaka mimi nazaliwa na kukua, nyumba mbili hazikuamkiana. Watoto wa kule hatukucheza nao. Msiba wao hatukwenda. Mimi mwenyewe niliwahi kupigwa kwa kula embe la upande ule.

Na mimi nakaa saa nane za usiku nasoma kwenye simu jina la dawa, madhara yake, kengele masikioni, uziwi usiopona. Nililia wadau, sioni aibu kusema.

Sisemi Babu asingechomwa. Bila zile sindano angekufa, na mama yangu mdogo aliyezaliwa 1988 asingekuwepo. Streptomaisini ndo ilikuwa dawa ya kwanza kuiweza TB. Iligunduliwa 1943 kule New Jersey na Albert Schatz, mwanafunzi wa miaka 23 (rika letu hili hili!) kwenye maabara ya profesa wake Selman Waksman, kutoka kwenye vijidudu vya udongo. Nobeli ya 1952 akapewa profesa peke yake, ingawa Schatz alishamshtaki 1950 na kutambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza. Wanaofanya riseachi chini ya wasimamizi, mimi nimenyamaza.

Ila kuna sehemu ya historia hiyo ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila bweni. Uingereza waliijaribu 1947 kwa kupanga wagonjwa kwa bahati nasibu: 55 wakapewa streptomaisini, 52 wakapumzishwa kitandani tu kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi sita waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4, wale wengine 14. Ushindi mkubwa. Lakini wagonjwa wengi waliopata nafuu walianza kurudi nyuma, kwa sababu bakteria waliobaki walikuwa wameshaizoea dawa, na miaka mitano baadaye tofauti kati ya makundi yale mawili ilikuwa imepungua sana. Dawa ilikuwa mpya kabisa duniani, na usugu ukaanza ndani ya miezi. Ndo maana TB inapigwa na dawa kadhaa kwa mpigo. Na majaribio yaliyoonyesha kwamba inaweza kupona kwa miezi sita badala ya mwaka na zaidi yalifanyika huku huku kwetu Afrika Mashariki, matokeo yakatoka 1972. Leo dozi ya kawaida ya TB ni vidonge, haina sindano.

Sasa nirudi kwa shosti wangu wa kitanda cha juu. Asubuhi nilimwambia mafua yanaletwa na virusi. Akasema, "Najua, nani asiyejua?" Kweli anajua, wote tunajua. Nikamuuliza, kirusi kina ribosomu? Akakaa kimya. Hakina. Kirusi kinakuja na karatasi ya vipimo tu, kinampa fundi wetu sisi, 80S yetu, ndo anakishonea. Sasa doksi inayotafuta 70S itamkuta wapi? Itapita pembeni ya kirusi kama daladala lililojaa, iende tumboni ikawakute bakteria wako ambao hawana kosa lolote.

Na hao bakteria wa tumboni hawatakaa bure. Walio wanyonge watakufa, watabaki wenye mbinu. Wengine wana pampu ya kuitapika tetra nje ya seli, wengine wana protini ya kuing'oa pale kwenye ribosomu ilipokaa. Mbinu zenyewe mara nyingi zimeandikwa kwenye kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa aina nyingine kabisa. Yaani ni desa. Wanapitishiana desa ndani ya tumbo lako, na wewe ndo umewaitishia mtihani.

Shosti akacheka, akasema kwa mara ya kwanza ameelewa. Na huyu si mjinga, ana GPA kunizidi. Kila mwaka tangu Kidato cha Kwanza ameambiwa "usitumie dawa ovyo, maliza dozi", kwa sauti ile ile ya "usikojoe hapa". Hakuna aliyemwonyesha kwamba ule mchoro wa andazi lililokatwa, aliouchora pengine mara ishirini, ndo ufafanuzi wenyewe. Tunafundisha protini kama somo na dawa kama mahubiri. Mimi nasema tuanze na kidonge. Kiweke mezani, uliza hiki kinafanya nini, kisha ndo uchore ribosomu. Mada ya wiki mbili wataikumbuka miaka ishirini.

Mwenzetu wa tatu chumbani, anayesoma uchumi, alinipinga, na sina budi kusema ana hoja. Anasema: "Nyie watu wa sayansi mnadhani watu hawajui. Watu hawana hela." Na ni kweli, kwenye duka moja la dawa karibu na geti niliwahi kuulizwa na muuzaji, bila hata kuulizwa naumwa nini, "Unataka dozi nzima au ya elfu?" Mtu ana elfu, anataka nafuu, anapewa nafuu ya elfu. Akibaki na vidonge vinne anaviona ni akiba, kama unga uliobaki kwenye debe. Huwezi kumfundisha mtu ribosomu akaacha kuhifadhi akiba. Nakubali nusu. Nusu nyingine sikubali, kwa sababu shosti wangu jana hakukosa hela. Alikuwa na elfu kumi kwenye simu, na dawa ya mafua yake ilikuwa tangawizi, maji na kulala.

Na hili la "maliza dozi" nalo tuseme ukweli wote. Tangu 2017 wataalamu wenyewe wamekuwa wakibishana hadharani kuhusu urefu wa dozi, na magonjwa kadhaa sasa yanatibiwa kwa siku chache kuliko zamani bila shida. TB si mojawapo ya kuchezea, huko kuacha katikati ni balaa. Urefu apange mtabibu aliyekupima. Kinachonisumbua mimi zaidi ni vile vidonge vya begini: vya mtu mwingine, ugonjwa mwingine, muhula mwingine.

Maana dawa hizi zikitumika kwa akili zinafanya maajabu, na ushahidi uko nchini mwetu. Kongwa, Dodoma, watu walikuwa wanapofuka kwa vikope, na azithromaisini ikawa silaha kuu ya kuvipunguza. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa kupata dawa ile ya msaada. Pangani, Tanga, wanaume 72 walishiriki jaribio lililochapishwa 2005: waliopewa doksi kwa wiki nane, minyoo ya matende iliyomo mwilini mwao ilikufa kwa wingi. Unajiuliza, mnyoo na ribosomu za bakteria wapi na wapi? Mnyoo ule unaishi na bakteria ndani yake, hawezi bila wao. Fundi wa mpangaji akisimama, mwenye nyumba anakufa. Hata malaria, doksi inazuia kwa sababu kimelea chake kina kichumba cha kale chenye ribosomu za aina ya bakteria. Nikisoma vitu hivi naona raha kabisa kuwa nilichagua Baiolojia.

(Nyingine ya kuwapigia stori kafeteria: mwaka 1980 wanasayansi walitangaza kwamba mifupa ya watu wa Nubia, Sudan, ya miaka kama 1,500 iliyopita, ina tetrasaiklini. Inang'aa njano-kijani chini ya mwanga wa zambarau usioonekana. Inaaminika iliingia kwa pombe yao ya nafaka. Tetra inapenda kung'ang'ania kalsiamu, ndo maana mifupa iliihifadhi, na ndo maana hawapewi watoto wadogo, meno yanaota na rangi ya kahawia.)

Kinyume chake kuna namba moja tu nitawapa. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowaua walikuwa sugu kwa dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndo tuliobeba mzigo mkubwa kuliko wengine kwa kila idadi ya watu.

Mmeniuliza wengine, je, na mimi nimerithi masikio ya Babu? Nilipiga hesabu. Mitokondria tunarithi kwa mama tu. Kwa hiyo hata kama Babu alikuwa na ile herufi ya 1555, mama yangu hakuipata kwake, na mimi pia. Ila dada zake Babu wanayo kama yeye, na watoto wao, na binti zao. Nimeshawaambia wale walio kwenye grupu la ukoo: mkichomwa sindano za jamii ile, mwambieni daktari habari za Babu. Mmoja akajibu kwa kibonzo cha kucheka.

Babu alifariki 2019. Jirani alimtangulia, 2015. Baada ya ule usiku wa TP nilimpigia Bibi nikamweleza polepole, dawa, sikio, kengele, kila kitu. Nilimaliza, simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekata.

"Kwa hiyo mjukuu wangu," akasema, "mzee yule hakufanya?"

Nikasema, "Hakufanya, Bibi."

Akakaa kidogo tena. Kisha akaniuliza huku nilipo mahindi debe shilingi ngapi.

Haya wadau, shosti anaita, maji ya tangawizi yamechemka na jiko lenyewe ni la kuibia, wasije wakatukamata. Vile vidonge viwili nimevifunga kwenye karatasi, kesho navipeleka zahanati ya chuo wavipokee, wakikataa mtasikia.